Kimo sifuri, mpira unapita pembeni: kisa cha pati ya mita 6

Kati ya pati zote za gofu ya mtandaoni, yaani mapigo ya kuviringisha mpira kuelekea shimoni kwenye nyasi fupi za grini, inayowapotezea wachezaji mapigo mengi bila wao kujua sababu si ile yenye mteremko mkali unaoonekana wazi. Ni ile ambayo mchezo wenyewe unaandika kwamba hakuna tofauti ya kimo kati ya mpira na shimo, gridi (mistari yenye nukta zinazotambaa kuelekea ardhi inakoshukia) inaonyesha mwelekeo mdogo tu wa pembeni, na mchezaji anayejua kazi yake anapiga kwa kujiamini kisha anakosa kwa upana wa kiganja. Akijaribu tena anakosa upande wa pili, na hapo ndipo wengi wanapolaumu mchezo. Tuichukue pati moja ya aina hiyo tuipasue hadi ndani.

Hali ilivyo ni hii. Umbali hadi shimoni ni mita 6. Kasi ya grini ni futi 11. Tofauti ya kimo iliyoandikwa kwenye skrini ni sifuri. Kamera ikiwa nyuma ya mpira, mita 4 za kwanza zinapanda polepole: sentimita 10 kwa jumla, yaani asilimia 2.5. Kisha kuna mgongo. Baada ya mgongo, mita 2 zilizobaki zinashuka sentimita zile zile 10, yaani asilimia 5, na mteremko huo unaendelea hivyo hivyo nyuma ya shimo. Kwa pembeni, sehemu ya kupanda imeinamia kulia kwa asilimia 1, na sehemu ya kushuka imeinamia kushoto kwa asilimia 2. Asilimia 1 maana yake ardhi inashuka sentimita 1 katika kila mita.

Kwenye gridi picha inakuwa hivi: katika sehemu ya kwanza nukta za mistari ya mbele na nyuma zinarudi kwa mchezaji, na nukta za mistari ya kukata zinatambaa kulia. Zikivuka mgongo, nukta za mbele zinakimbilia shimoni kwa kasi maradufu, na zile za kukata zinageuka kwenda kushoto, nazo pia kwa kasi maradufu. Kamera ya chini nyuma ya mpira inaificha sehemu hii ya pili karibu yote, kwa sababu mgongo unaikinga. Anayesoma pati hii bila kuhamisha kamera amesoma theluthi mbili tu ya njia.

Kabla ya kuingia kwenye hesabu, neno kuhusu kasi ya grini. Namba kama 9, 11 au 13 inatokana na stimpmeter, kifaa kilichobuniwa na Edward Stimpson wa Marekani mwaka 1935: kijiti chenye mfereji kinachoinuliwa hadi mpira ujiachie wenyewe kwa pembe ya takriban digrii 20, utoke na kasi ya karibu mita 1.83 kwa sekunde, kisha upimwe umeviringika futi ngapi kwenye sehemu tambarare. Futi 11 ni mita 3.35. Kutoka hapo inapatikana namba muhimu kuliko zote katika kisa hiki: kwenye grini ya futi 11 msuguano unaupunguzia mpira kasi ya mita 0.5 kwa sekunde katika kila sekunde. Na kwa kuwa mpira unaviringika badala ya kuteleza, uzito unauvuta mteremkoni kwa saba ya kumi tu ya nguvu ambayo ungevutwa kama ungeteleza bila msuguano. Ukigawanya hizo mbili unapata kanuni ya kukariri: kila sentimita 1 ya kupanda inagharimu sentimita 14 za mviringiko, na kila sentimita 1 ya kushuka inazirudisha. Kwenye futi 9 ni kama sentimita 11.5, na kwenye futi 13 ni kama 16.5.

Sasa tuone kama ile sifuri inadanganya. Kupanda sentimita 10 kunagharimu mita 1.4. Kushuka sentimita 10 kunarudisha mita 1.4. Kwa hiyo nguvu ya kufikia shimo ni ile ile ya pati tambarare ya mita 6, na ukitaka mpira ufike na uhai kidogo, unapiga nguvu ya mita 6.3, yaani ile ambayo kwenye tambarare ingeuviringisha mpira mita 6.3. Kwa upande wa nguvu, basi, sifuri ni kweli tupu. Wanaoongeza nguvu kwa kuwa wameona kilima, au wanaopunguza kwa kuwa wameona mteremko shimoni, wote wanaharibu hesabu ambayo mchezo umeshawafanyia. Sifuri haidanganyi kuhusu nguvu. Inanyamaza kuhusu mambo mengine mawili: mpira unapita kila sehemu kwa kasi gani, na ukikosea kidogo utasimama wapi.

Tuanze na kasi. Kwenye pati tambarare ya nguvu ya mita 6.3 mpira unaanza na kasi ya mita 2.5 kwa sekunde, na unapofika mita ya nne bado una mita 1.5 kwa sekunde. Kwenye pati yetu unaanza na kasi ile ile, lakini ukifika mgongoni umebakiwa na 0.95. Mita 4 za kwanza zinachukua sekunde 2.3. Mita 2 za mwisho, ambazo ni nusu ya umbali huo, zinachukua sekunde 2.7. Shimoni kasi ni 0.55, sawa kabisa na kwenye pati tambarare. Kwa hiyo mwanzo unalingana na mwisho unalingana, ila katikati ni safari tofauti kabisa.

Na mpindo unazaliwa huko huko katikati. Mwinamo wa pembeni unaugeuza mpira kwa kiasi kinachotegemea kasi ikizidishwa kwa yenyewe: kasi ikipungua nusu, kila hatua ya njia inaupinda mpira mara nne zaidi. Katika kisa chetu, asilimia 1 ya mwinamo pale mgongoni inaugeuza mpira kwa kila mita karibu mara 7 ya inavyougeuza pale unapoondoka. Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba mwinamo wa mwanzo hauna maana, kama wengi wanavyofundishana. Mpira uliogeuzwa mapema una njia ndefu ya kuendelea kupotea. Hesabu ya mvutano huo wa pande mbili ndiyo inayoamua, na matokeo yake ni haya, kwa nguvu ya mita 6.3.

Kwenye pati tambarare kwa mbele, asilimia 1 ya mwinamo katika mita 4 za kwanza inausogeza mpira sentimita 26 hadi kufika shimoni, na asilimia 1 katika mita 2 za mwisho inausogeza sentimita 10. Kwenye pati yenye mgongo, namba hizo zinakuwa 29 na 15. Sehemu ya kwanza imeongezeka kwa kiasi kidogo zaidi ya sehemu moja ya kumi. Sehemu ya mwisho imeongezeka kwa nusu nzima. Mtego wote uko hapo.

Sasa tuwaweke wasomaji wanne mbele ya pati hii, kila mmoja na desturi yake.

Wa kwanza anaangalia nukta zilizo karibu na mpira, anaona kulia, analenga sentimita 26 kushoto mwa shimo. Mpira wake unapita mbali kushoto. Wa pili ameambiwa kwamba kinachohesabika ni eneo la shimo tu, anaona kushoto kwa asilimia 2, analenga sentimita 20 kulia, naye anapita mbali kulia. Makosa haya mawili yanajieleza.

Wa tatu ndiye anayetuhusu zaidi, kwa sababu amefanya kazi nzuri. Amegawanya njia mahali nukta zinapogeuka. Anazo namba za mpindo alizozipata kwenye grini tambarare ya mazoezi. Anahesabu: sehemu ya kwanza sentimita 26 kulia, sehemu ya pili mara mbili ya 10, yaani 20 kushoto, kwa hiyo mpira utaishia kama sentimita 6 hadi 7 kulia. Analenga sentimita 7 kushoto na kupiga 6.3 safi. Mpira unapita sentimita 7 kushoto. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, yaani sentimita 5.4 kutoka katikati hadi ukingoni, kwa hiyo amekosa kwa unene wa kidole. Anadhani mkono ulivuta kushoto. Haukuvuta. Namba zake za mpindo ni sahihi kwa grini tambarare, nazo hazikuujua mgongo.

Wa nne anazidisha tu umbali kwa mwinamo: mita 4 mara 1 kulia, mita 2 mara 2 kushoto, jibu sifuri, analenga katikati. Na mpira unaingia, kwa kuwa sentimita 29 kulia na sentimita 30 kushoto zinafutana. Njia yake haikuwa sahihi kuliko ya wa tatu. Namba za pati hii zimeangukia upande wake. Mgongo ungekuwa mahali pengine, angekosa.

Inafaa kuijua sura ya mpira huo unaoingia, maana unaogopesha. Ukilengwa katikati, unafika mgongoni ukiwa sentimita 15 kulia mwa mstari na bado unaelekea kulia. Unaendelea kupotea hadi kama sentimita 18, takriban sentimita 60 baada ya mgongo, ndipo unapoanza kurudi, na unaingia shimoni ukitokea upande wa kulia kwa pembe ya karibu digrii 15. Mteremko wa mbele unasaidia hapa: mpira ulio pembeni ukishuka unavutwa kuufuata mteremko, hivyo ile pembe ya kulia uliyovuka nayo mgongo inafifia haraka. Mchezaji akiona mpira uko kiganja kizima nje ya mstari akahitimisha kuwa amesoma vibaya, pati inayofuata atasahihisha kosa lisilokuwepo.

Tukirudi kwenye kukosea nguvu, hapa sifuri inanyamazia hatari kubwa zaidi. Msuguano wa 0.5 ukipunguza mvuto wa mteremko wa asilimia 5, ambao ni 0.35, unabaki 0.15 tu wa kuusimamisha mpira. Kwa hiyo kila sentimita 10 za nguvu unazokosea zinakuwa sentimita 33 ardhini. Ukipiga 6.3 na kukosa, mpira unasimama mita 1 nyuma ya shimo, si sentimita 30. Ukipiga 6.9, mita 3. Ukipiga 5.7, unasimama mita 1 kabla ya shimo. Ukipiga 5.4 au chini yake mpira hauvuki mgongo hata kidogo, nawe unabaki na pati ya zaidi ya mita 2 yenye ule ule mteremko mkali mbele yako. Kati ya kutovuka mgongo na kupitiliza mita 3 kuna tofauti ya mita moja na nusu ya kipimo cha nguvu.

Na nguvu inahamisha mpindo pia. Ukilenga katikati ya shimo, kitovu cha mpira unapofika usawa wa shimo kinakuwa:

nguvu 6.1: sentimita 8 kushoto
nguvu 6.2: sentimita 3 hadi 4 kushoto
nguvu 6.3: katikati
nguvu 6.5: sentimita 4 kulia
nguvu 6.9: sentimita 8 kulia
nguvu 7.2: sentimita 9 kulia

Hiyo ndiyo sababu mchezaji yule yule, kwa mstari ule ule, anakosa kushoto mara moja na kulia mara nyingine. Mpira mlaini unakaa muda mrefu kwenye mteremko wa mwisho na kuvutwa kushoto. Mpira mkali unavuka haraka na kubaki na upotevu wa kulia wa mwanzo. Kwenye pati ya kawaida yenye mpindo mmoja, kupiga kwa nguvu zaidi kunapunguza mpindo, basi. Hapa kunabadilisha upande.

Orodha hiyo pia inaonyesha masuluhisho mawili ya kweli, na inabidi kuchagua moja kabla ya kugusa kitufe cha kulenga.

La kwanza ni pati laini: lenga katikati, piga kati ya 6.2 na 6.5. Dirisha lako ni sentimita 30 za nguvu. Ukikosa unabakiwa na sentimita 65 hadi mita 1.7, pati ya kurudi ambayo inapanda, nayo pati ya kupanda inasamehe. Hili ni chaguo letu popote ambapo mapigo mawili yanatosha.

La pili ni pati kali: lenga sentimita 7 hadi 8 kushoto, piga 6.9. Tazama namba za orodha kuanzia 6.6 kwenda juu: mstari hauhami tena sana. Kutoka 6.6 hadi 7.2 mpira unabaki ndani ya sentimita 3 za katikati ya shimo, hivyo dirisha limekuwa sentimita 60, maradufu ya lile la kwanza. Kasi ya kufika ni mita 0.8 hadi 1.1 kwa sekunde. Kwenye grini ya kweli shimo linaweza kuumeza mpira unaopita katikati yake hadi kasi ya takriban mita 1.6 kwa sekunde, ingawa uwezo huo unashuka haraka mpira ukikaribia ukingo. Bei ya suluhisho hili ni kwamba ukikosa unatazama pati ya kurudi ya mita 2 hadi 4. Linafaa pale ambapo pati isiyoingia haina thamani yoyote: shimo la mwisho ukiwa nyuma kwa pigo moja.

Kinachoua ni kuchanganya hayo mawili: mstari wa pati kali na nguvu ya pati laini. Yule msomaji wa tatu, akipiga 6.9 badala ya 6.3 kwa mstari wake wa sentimita 7, angeingiza.

Kuisoma pati kama hii ndani ya muda ambao mchezo unakupa, anza na namba mbili za skrini: umbali na kimo. Kimo kikiwa sifuri au karibu na sifuri, usipumzike. Hamisha kamera iende pembeni ya mstari, usawa wa chini, utafute mgongo au bonde. Ukiuona mgongo, kadiria uko umbali gani kwa kuhesabu visanduku vya gridi, kwa kuwa visanduku vyote vina upana mmoja. Kisha nenda nyuma ya shimo ukitazama mpira, maana huko ndiko mteremko uliofichwa unaonekana wote. Mgawanyo wa njia uwe mahali nukta zinapobadili mwelekeo. Kuikata njia vipande vinavyolingana hakusaidii kitu. Pima kimo cha mgongo kwa jicho la gridi, zidisha sentimita zake kwa 14, jumlisha na umbali wa kuufikia: hiyo ndiyo nguvu ya chini kabisa ya kuvuka. Hapa ilikuwa 4 na 1.4, yaani 5.4. Nguvu yako uliyochagua ikiizidi nguvu hiyo kwa mita 1 au chini yake, chukulia kwamba mpira utavuka ukitambaa, na uuongeze mpindo wa sehemu inayofuata kwa nusu.

Bonde ni kinyume chake. Mpira unalipita kwa kasi, mpindo wa katikati unapungua, na kwa kuwa shimo liko juu ya mwinuko, makosa ya nguvu yanameza sentimita chache tu. Hakuna haja ya kulikalia.

Rangi zina mtego wake. Katika michezo inayopaka gridi nyekundu na bluu, rangi inaonyesha kimo, haionyeshi ukali wa mteremko. Mpira na shimo katika kisa hiki vina rangi moja, na ukanda wa rangi tofauti katikati ni mgongo wenyewe. Ukali unausoma kwenye kasi ya nukta, na kasi hiyo inalinganishwa na nukta nyingine za grini ile ile. Mandhari ya milima au ziwa nyuma ya grini yapuuze kabisa. Jicho linayafanya yawe msitari wa usawa na kuipotosha hisia ya mwinamo.

Kipimo cha nguvu, ule mstari wa skrini unaochagulia nguvu ya pigo, nacho kina sehemu yake. Dirisha la sentimita 30 kwenye kipimo cha mita 10 ni asilimia 3 ya upana wake. Kwenye kipimo cha mita 7.5 ni asilimia 4. Kama mchezo unakuruhusu kubadili ukubwa wa kipimo, chagua kidogo kabisa kinachobeba nguvu unayoitaka. Kipimo cha mita 20 kwa pati ya mita 6 kinafanya suluhisho laini kuwa bahati nasibu: asilimia moja na nusu tu ya upana.

Hesabu hizi zinafuata mwendo halisi wa mpira unaoviringika, na si kila mchezo unaufuata kwa uaminifu. Jaribio la kuthibitisha ni rahisi kwenye grini ya mazoezi. Tafuta mwinuko ulionyooka ambao mchezo unasema ni sentimita 10, piga pati ya kupanda kwa nguvu unayoijua, na uone imepungukiwa mita ngapi. Ikipungukiwa karibu mita 1.4 kwenye futi 11, namba za hapa zinafanya kazi kama zilivyo. Ikipungukiwa mita 1, tumia 10 badala ya 14 kila mahali.

Kasi ya grini ikibadilika, kisa kinabadilika nacho. Mgongo ule ule kwenye futi 13 unahitaji nguvu ya mita 5.66 kuuvuka. Kwa nguvu ya 6.3 mpira unaufikia ukiwa na mita 0.74 kwa sekunde badala ya 0.95, kwa hiyo mvuto wa kushoto unashinda na kulenga katikati hakutoshi tena. Kila sentimita 10 za kosa la nguvu zinakuwa sentimita 58 ardhini. Kwenye grini hiyo, nguvu ya 6.3 isiyoingia inasimama mita 1.75 nyuma ya shimo, na mteremko wa mwisho ukizidi asilimia 6 mpira hausimami hadi ardhi ibadilike.